Kabla hujamlipa fundi avunje ua

Maji ya bafuni yakianza kurudi juu badala ya kushuka, mwenye nyumba hana subira tena. Harufu imeshafika sebuleni, watoto wanaenda kuoga kwa jirani, na wageni wa Jumapili wako njiani. Anapigiwa simu fundi bomba wa mtaani. Fundi anafika, anazunguka ua, anatazama pevingi, anagonga ardhi kwa kisigino, kisha anataja bei. Anaitwa wa pili, naye anataja yake: nusu ya ile ya kwanza, au mara tatu yake. Mwenye nyumba anachukua ya chini, kazi inaanza, na ikifika siku ya tatu ameshalipa zaidi ya ile bei ya juu aliyoikataa.

Mambo haya yanajirudia Mbezi, Tabata, Sinza, Kigamboni na kila mahali Dar es Salaam ambako choo cha ndani kimeungwa kwa bomba lililofukiwa. Wengi huishia kusema fundi ni mwizi. Mafundi wezi wapo, sikatai. Lakini mara nyingi chanzo cha ugomvi ni kwamba bei ilitajwa kabla haijajulikana nini kimeharibika, kiko wapi, na kiko kina gani. Kwa bomba la chini ya ardhi, mambo hayo matatu ndiyo bei yenyewe. Bomba na gundi yake huwa sehemu ndogo ya gharama. Fedha inakwenda kwenye udongo unaochimbwa, kwenye kilichojengwa juu ya udongo huo, na kwenye kukirudisha kilivyokuwa.

Suala hili ni zito kwetu kuliko kwa watu wa miji ambayo kila nyumba imeungwa kwenye mtandao wa majitaka. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijaungwa. Mtandao uliopo, ambao ulianza kujengwa enzi za utawala wa Mwingereza, unahudumia katikati ya jiji, Kariakoo, Upanga na maeneo mengine machache. Waliobaki, na ndio wengi, wana karo na shimo la kunyonyea maji ndani ya viwanja vyao. Maana yake ni kwamba njia yote, kutoka bakuli la choo hadi shimo la mwisho, ni mali ya mwenye nyumba na ni mzigo wake. Hakuna ofisi ya kuipigia simu ije irekebishe.

Kwa wale waliounganishwa na mtandao, jambo la kwanza ni kutazama chemba ya nje, ile ya mtaani. Ikiwa nayo imejaa hadi kwenye mfuniko, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko kwenye bomba kuu, na hilo ni la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, si la fundi wako. Toa taarifa. Nimeona watu wakilipa vibarua wachimbe ndani ya ua kutafuta tatizo lililokuwa barabarani.

Chemba zisomwe kwanza

Kazi ya kwanza haihitaji sururu wala koleo. Inahitaji nondo ya kunyanyulia mifuniko, futi kamba, chaki, vigingi viwili na ndoo mbili za maji. Nyumba iliyojengwa kwa utaratibu ina chemba nje ya bafu, nyingine kila bomba linapopinda, na ya mwisho karibu na karo. Mifuniko yote ifunguliwe kuanzia upande wa nyumba, na iachwe wazi kwa dakika kadhaa hewa chafu itoke kabla mtu hajainama kutazama. Sigara na kiberiti vikae mbali. Watoto nao wakae mbali.

Sasa tazama. Chemba ya kwanza imejaa, ya pili imejaa, ya tatu ni kavu: bomba limeziba kati ya ya pili na ya tatu, na hakuna sababu ya mtu yeyote kugusa ardhi mahali pengine. Chemba zote ni kavu lakini choo hakishuki: tatizo liko chooni kwenyewe au kwenye kipande kifupi cha bomba kinachotoka ndani ya nyumba, na mara nyingi pampu ya mkono au waya mfupi unatosha. Chemba zote zimejaa, hata ile ya mwisho: fungua karo. Ukikuta maji yamepanda juu ya mdomo wa bomba linaloingia, bomba halina kosa. Karo limejaa, au shimo la kunyonyea limechoka na halinyonyi tena. Hapo kuchimba njia ya bomba ni kutupa fedha, kwa sababu hata ukiweka bomba jipya la kifahari, maji hayatakuwa na pa kwenda.

Dakika hizo chache za kufungua mifuniko ndizo zenye faida kubwa kuliko zote katika kazi nzima, na ajabu ni kwamba ndizo zinazorukwa. Fundi akifika na kuanza kuzungumza bei kabla hajaomba kuonyeshwa chemba, muulize anakadiria nini.

Ukishajua tatizo liko kati ya chemba zipi, waya wa kuzibulia unaweza kukuambia liko mita ya ngapi. Tuchukue nyumba ya mfano. Kutoka chemba ya pili hadi ya tatu ni mita 9. Fundi anaingiza waya kutokea chemba ya tatu, iliyo kavu, akielekea juu. Waya unakwama. Anauwekea alama ya chaki pale unapogusa mdomo wa bomba, anauvuta nje na kuupima: mita 6. Anapima mita 6 hizo hizo juu ya ardhi, kwa mstari ulionyooka kati ya chemba mbili, na kupiga kigingi. Kisha anafanya vivyo hivyo kutokea chemba ya pili. Waya ukikwama mita 2.5, vigingi viwili viko nusu mita tu kimoja kutoka kwa kingine, na hapo pana kizuizi kimoja. Ukikwama kwenye mita 1, kipande kibovu ni cha mita 2. Bei ya kazi hizo mbili haiwezi kuwa sawa, na sasa mnaweza kuizungumza mkiwa mmesimama juu ya vigingi.

Kisha mwombe fundi asiufute waya haraka. Ncha yake imebeba habari. Ikitoka na nyuzinyuzi za mizizi, mti umeingia kwenye maungio. Miti ya jamii ya mkuyu inasifika kwa tabia hiyo, na mwarobaini nao hauaminiki ukiwa karibu na bomba. Ikitoka na utando mweupe unaoteleza, hayo ni mafuta ya kupikia yaliyoganda, na bomba lenyewe huenda ni zima. Mchanga wa kijivu wenye masizi unatoka jikoni, kwa wanaosugua sufuria kwa mchanga na majivu. Vipande vya kitambaa au pamba ya pampasi na taulo za kike havihitaji maelezo. Lakini ncha ikitoka na udongo uleule wa ua wako, mwekundu au mweupe kama ulivyo nje, jua bomba limevunjika na ardhi inaingia ndani. Hilo halizibuliwi. Litachimbwa leo au litachimbwa mwezi ujao.

Siku hizi ziko pia kampuni zenye kamera ndogo ya kupitisha ndani ya bomba. Si kila kazi inaihitaji. Bomba likipita chini ya udongo mtupu kwenye kina kifupi, waya na kigingi vinatosha. Likipita chini ya sakafu ya nyumba, chini ya zege la kuegeshea magari au chini ya ukuta, kamera ni fedha iliyotumika vizuri, kwa sababu kosa la mita moja hapo linamaanisha chumba cha pili kuvunjwa bure. Ukilipia kamera, dai upewe picha zilizorekodiwa, pamoja na umbali na kina cha tatizo kwa maandishi. Hiyo ni mali yako, na unaweza kuipeleka kwa fundi mwingine akupe bei yake.

Udongo na kilicho juu yake

Turudi kwenye nyumba yetu ya mfano. Bomba liko kina cha sentimita 90, na mtaro wa kufanyia kazi una upana wa sentimita 60. Ukichimba kipande cha mita 2 tu, unatoa udongo wa mita za ujazo 1.08. Kibarua mzoefu katika udongo wa kawaida huchimba mita za ujazo 2 hadi 3 kwa siku, kwa hiyo hiyo ni kazi ya chini ya siku moja. Ukichimba mita zote 9, unatoa mita za ujazo 4.86: vibarua wawili, siku moja.

Sasa weka bomba hilohilo kwenye kina cha mita 1.8. Mtu hawezi kufanya kazi kwenye shimo refu namna hiyo lenye upana wa sentimita 60, hivyo mtaro unapanuka hadi sentimita 90. Mita 9 hizo hizo sasa zinatoa mita za ujazo 14.58. Kina kimeongezeka mara mbili, udongo umeongezeka mara tatu. Na bado haujahesabu mbao za kuzuia kuta zisiporomoke, wala kwamba udongo wa chini unarushwa mara mbili kabla haujafika juu. Ndiyo maana fundi anayekupa bei ya mita bila kuuliza kina, ama atakupunja ama atajipunja mwenyewe, na akijipunja ataikimbia kazi mtaro ukiwa wazi.

Kina kinapimwa kirahisi: teremsha futi kamba kwenye chemba mbili, kutoka usawa wa ardhi hadi sakafu ya bomba, na uandike tarakimu zote mbili. Zitakupa pia jambo jingine ambalo nitalirudia baadaye, yaani mteremko.

Kisha tazama kilichoko juu. Udongo na majani ni bure. Pevingi si tatizo kubwa, kwa sababu zinang'olewa, zinapangwa pembeni na kurudishwa, ila uhesabu mchanga mpya, ushindiliaji wa uhakika, na chache zitakazovunjika. Zege linabadilisha hesabu: kulikata, kubeba kifusi, kununua saruji, kokoto na mchanga, kulimwaga na kuliacha likomae. Ghali kuliko vyote ni sakafu ya ndani yenye marumaru. Unavunja mita 3, unakwenda dukani, unaambiwa marumaru za rangi ile zilishaacha kuletwa. Hapo unabaki na kiraka katikati ya sebule, au unaweka marumaru mpya chumba kizima. Nimeshuhudia kazi ambayo marumaru zilikula fedha nyingi kuliko bomba, uchimbaji na fundi vikijumlishwa.

Kwa sababu hiyo, bomba lililoharibika chini ya sakafu si lazima lifukuliwe. Mara nyingi ni nafuu kuliacha hapo lilipo, kuliziba kabisa, na kupitisha jipya nje, kulizunguka jengo. Njia itakuwa ndefu zaidi, lakini mita 14 za udongo wa uani zinaweza kuwa rahisi kuliko mita 6 za chini ya sebule. Sharti ni moja: urefu huo upate mteremko wake.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea, na ndipo mwenye nyumba anapolipia kosa miaka yote. Bomba la inchi 4 la majitaka linataka lishuke sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za urefu, au kwa uchache 1 kwa kila 60. Kwa mita 9 hiyo ni kati ya sentimita 15 na 22.5. Kwa mita 14 ni kati ya 23 na 35. Mteremko ukiwa mdogo mno, maji yanakwenda polepole na kuacha uchafu nyuma yake, na bomba linajijaza lenyewe hata kama hakuna mtu aliyetupa kitambaa chooni. Kwa hiyo zile tarakimu mbili za kina ulizoandika zina maana. Ukipima kwa mpira wa maji kati ya chemba mbili ili kujua tofauti ya usawa wa ardhi, kisha ukahesabu kina, utajua kama bomba linashuka au limelala. Likiwa limelala, au limekaa tumbo katikati kwa sababu ardhi imetitia, kulizibua ni kuahirisha. Dawa ni kulilaza upya.

Kuahirisha nako kuna bei. Nitumie tarakimu za mfano tu, kwa ajili ya hesabu. Kila mtu aweke za mtaani kwake. Tuseme kuzibua ni shilingi 80,000 na bomba linaziba kila baada ya miezi miwili. Kwa mwaka ni 480,000. Kama kulilaza upya ni 900,000, matengenezo hayo yamejilipa kabla miaka miwili haijatimia, bila kuhesabu harufu, aibu na hatari ya maradhi. Lakini kama bomba limeziba mara moja tu tangu nyumba ijengwe, na waya umetoka na kitambaa, usikubali mtu akushawishi uchimbe. Zibua, mwaga ndoo mbili za maji kwa mkupuo, tazama yanavyopita kwenye chemba ya chini, mlipe fundi ujira wake, basi.

Karatasi ya bei

Makadirio yanayoaminika yanaandikwa. Sizungumzii mambo makubwa ya wakadiriaji majenzi na vitabu vyao. Karatasi moja ya daftari inatosha. Iwe na urefu wa mtaro, upana na kina. Iseme ni mabomba mangapi na ya aina gani. Dukani bomba linauzwa kwa urefu wa mita 6, hivyo kwa mita 9 utanunua mawili na kubaki na kipande cha mita 3, na kipande hicho ni chako. Iseme viungio, gundi, mchanga wa kulalia bomba, matofali na saruji ya chemba kama ipo ya kujengwa. Ufundi uandikwe peke yake, vibarua peke yao. Kurudishia ua kuandikwe wazi, kwa sababu hiki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote: fundi bomba anamaliza bomba, anafukia, anaondoka, na mwenye nyumba anabaki na kichuguu cha udongo na pevingi zilizorundikwa ukutani. Udongo ukishachimbuliwa hauenei tena shimoni ulikotoka, kwa hiyo kama ua ni mdogo, gari la kubeba ziada nalo liingie kwenye hesabu. Ukiajiri kampuni iliyosajiliwa, uliza kama kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, imo ndani ya bei au itakuja baadaye.

Halafu weka akiba. Chini ya ardhi kuna mambo ambayo hata kamera haikuyaona: jiwe, bomba la maji safi ambalo hakuna anayelikumbuka, waya wa umeme, msingi wa banda la zamani. Mimi huona asilimia 15 juu ya jumla ni akiba ya busara, na akiba hiyo ikae mfukoni kwa mwenye nyumba. Isiwe sehemu ya bei ya fundi. Mkubaliane mapema kwamba likitokea jambo jipya, kazi inasimama, anaitwa mwenye nyumba, analiona kwa macho yake, ndipo bei inaongezwa.

Malipo yaende kwa hatua. Vifaa ununue mwenyewe au uende dukani pamoja na fundi. Sehemu ya ufundi ilipwe mtaro ukishafunguliwa na bomba bovu likaonekana. Nyingine ilipwe bomba jipya likishalazwa, likajazwa maji, na kila kiungio kikatazamwa kikiwa kikavu, kabla hata koleo moja la udongo halijarudi. Kiasi cha mwisho kisubiri. Siku kadhaa za matumizi ya kawaida, kufua, kuoga na kupika, zitatosha kuonyesha kama chemba inapitisha.

Mtaro ukiwa bado wazi, tazama mambo machache. Bomba lilale juu ya mchanga laini, lisilale juu ya mawe wala vipande vya tofali vinavyolitoboa polepole. Kona isitengenezwe kwa elbo moja ya nyuzi 90. Elbo mbili za 45 zinapitisha uchafu vizuri zaidi, na waya wa kuzibulia nao unapita. Mahali gari linapopita, bomba jepesi halifai hata kama ni nafuu, na kama kina ni kifupi, linahitaji zege la kulilinda. Bomba kubwa lisiingie kwenye dogo njiani. Maji ya mvua ya paa yasiunganishwe kamwe na njia ya choo, maana yanabeba mchanga na kulijaza karo kwa mvua moja.

Msimu nao unaingia kwenye bei. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji ya ardhini hupanda, hasa maeneo ya chini kama Mikocheni na Msasani na yale yaliyo kando ya bonde la Msimbazi. Mtaro wa mita moja unajaa maji kabla bomba halijalazwa. Unahitaji pampu, mbao na muda. Watu wanaoita gari la kunyonya majitaka wakati huo hushangaa karo kujaa tena baada ya siku mbili. Lililoingia ni maji ya ardhini, na gari likirudi mara kumi litanyonya mara kumi. Kazi ileile ikifanywa mwezi wa Agosti inahitaji vifaa vichache na siku chache.

Bomba likivuka barabara ya mtaa, usichimbe usiku kwa siri. Barabara hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kuzikata kunahitaji kibali na kuzirudisha kwa kiwango. Weka gharama hiyo mapema. Barabara iliyofukiwa kiholela hutitia, na lori la kwanza la mchanga litakalopita hapo litalivunja bomba lako jipya.

Usiruhusu mtu, awe fundi, kibarua au kijana wa nyumbani, ashuke ndani ya karo au chemba ndefu kwa sababu ameongezewa elfu chache. Hewa ya humo inaua. Gesi yenye harufu ya mayai mabovu ikizidi kiwango inaua kwanza uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu anadhani harufu imekwisha, kumbe ndiyo imemzidi. Anayemfuata kumwokoa naye anaanguka. Kuta za mtaro nazo si za kuzichezea: mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mtaro unaozidi kimo cha kifua cha mtu uwekewe mbao, na udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni. Fundi anayejumuisha mbao kwenye bei yake si fundi ghali.

Yako mambo mengine ambayo watu hufanya bomba likiziba, na hapa sitaki kuzunguka. Wapo wanaotoboa chemba na kuelekeza maji ya choo kwenye mtaro wa mvua, usiku, mvua ikinyesha. Wanaokoa gharama ya kuchimba mita tatu na kuipeleka kwa watoto wanaocheza mbele ya nyumba ya jirani. Mabomba yetu ya maji safi yanapita kwenye ardhi hiyohiyo, na maji ya mgawo yakikatika, bomba lenye tundu linavuta kilicho nje yake. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani tunakikumbuka. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ipo, lakini hata isingekuwepo, hakuna bei ya fundi inayohalalisha kumwagia mtaa mzima kinyesi chako.

Wapangaji nao wana swali lao: nani alipe? Mkataba mzuri unalijibu kabla halijaulizwa. Kukiwa hakuna kilichoandikwa, naona haki iko hivi: bomba lililochakaa, lililovunjika au lililolazwa vibaya ni la mwenye nyumba, kitambaa na pampasi ni vya aliyevitupa. Ncha ya waya, ikionekana na pande zote mbili, huamua shauri hilo mapema. Kwenye nyumba zenye familia nyingi na njia moja, gharama ichangwe na wote wanaotumia njia hiyo, hata wale wa juu ambao maji hayajarudi kwao. Yanarudi kwa wa chini kwa sababu tu yeye ndiye wa kwanza kufikiwa.

Masika hayako mbali. Wikiendi hii, kabla hakijaziba chochote, fungua chemba zako zote, pima umbali kati ya moja na nyingine, pima kina cha kila moja, na uchore ramani ya njia nzima kutoka bafuni hadi karo. Andika tarehe. Ihifadhi karatasi hiyo pamoja na hati ya kiwanja, na nakala mpe anayeishi humo. Siku maji yatakaporudi, fundi wa kwanza na wa pili wote wapewe karatasi hiyo moja, na kila mmoja aandike bei yake juu yake.